Picha ya Marehemu Huwekwa Juu

Kangari,
9 Februari 2025

Shivani,

Usishtuke kuona karatasi. Korti imechukua simu na kompyuta yangu ziwe ushahidi, ikasema nisiguse mtandao wa aina yoyote mpaka kesi iishe, na nikae huku kwa shangazi yangu, Tata Murugi, nisionekane Nyeri ila siku za korti. Wakili Waithira naye amenikataza kuongea mambo ya kesi kwa simu ya Tata. Kwa hivyo nimerudia kalamu, na barua hii itashuka hadi ofisi ya vifurushi Kenol ndipo ipande kwenu. Ikichelewa, lawama zote kwa Mheshimiwa Moffat Ngatia.

Niko na hasira, dada. Naamka nayo, naenda nayo shambani. Tata amenifukuza kwa majani chai kwa sababu nang'oa mpaka matawi. Majirani wananiuliza ati ni kweli nilimuua mtu kwa mtandao. Nikawaambia bado, lakini nafikiria.

Wewe ulikuwa Nairobi siku waliponikamata, acha nikuambie. Nilikuwa hapo dukani kwenu, kwenye kiti changu, napanga kijitabu cha mazishi ya nyanya mmoja wa Mweiga. Wakaingia wawili, wakaniita jina langu lote mpaka la ubatizo. Baba yako alishika kikombe chake cha chai akatazama sakafu. Ndugu yako Bhavin alikuwa amesema anaenda benki. Wakanitoa nje, na mteja mmoja akauliza kama kazi yake bado itakuwa tayari Ijumaa.

Na yote ni kwa ajili ya tangazo ambalo hata wewe lilikuchekesha. Nalijua kwa kichwa:

"Kwa huzuni kubwa tunatangaza kifo cha Mradi wa Maji wa Karimaini, kilichotokea mara tu baada ya utepe kukatwa. Marehemu alikuwa mtoto mpendwa wa Mheshimiwa Moffat Ngatia, na ndugu mdogo wa marehemu Zahanati na marehemu Daraja. Ameacha mabomba, mifereji na tangi, yote makavu. Ndugu na marafiki wanakutana kila siku mtoni, na mitungi yao."

Juu nikaweka picha ya mfereji wa kufungulia maji siku ya uzinduzi, na Ngatia amesimama kando na makasi yake. Kuna neno gani la uongo hapo? Nionyeshe moja.

Sawa, nilitumia ile fremu ya njiwa na maua ya waridi, fremu ya duka lenu. Mkono ulijiendea wenyewe, kwa sababu hiyo ndiyo naweka kila siku. Na watu wetu unawajua. Wakiona njiwa na waridi na uso wa mtu hapo juu, hawasomi. Wanaenda kutafuta kuni za matanga. Kikundi cha akina mama wa kanisa kikapanda kwa Ngatia na unga na maziwa na mizigo ya kuni, wakiimba nyimbo za kuaga, wakamkuta uani amevaa kaptura, anatafuna hindi la kuchoma. Mwenyezi Mungu nisamehe, lakini ningetoa jino moja nione huo uso.

Sasa nashtakiwa kuchapisha habari za uongo na kutia watu hofu. Wakili anasema nikipatikana na hatia naweza kufungwa. Mimi, Shivani, nifungwe, na yeye abaki na makasi.

Lakini kuna jambo moja linaniwasha kuliko hata jela. Ule ukurasa wa mtandao nilipoliweka haukuwa na jina langu popote. Kuna mtu alisema ni mimi. Wewe unafanya kazi kwa Waithira, unaona makaratasi yote. Niambie nani. Nitamlipa huyo mtu mpaka ajute kujua jina langu.

Nyawira


Nyeri,
14 Februari 2025

Nyawira mpendwa,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama jikoni, na chapati ya mama ikaungua. Kila siku nafikiria vile walikutoa dukani kwetu bila mtu kusema neno. Baba hataki nilitaje jambo hilo mezani.

Sasa nisikilize kama wakili mdogo kwanza, halafu kama rafiki.

Kama wakili: Katiba iko upande wako. Kifungu cha thelathini na tatu kinalinda uhuru wa kusema, na mzaha ni kusema. Wakili Waithira atauliza swali moja tu mpaka wachoke: mtu mwenye akili zake, akilisoma tangazo lote, ataamini kwamba kuna binadamu amekufa? Akijibu la, basi ni mzaha, na mzaha si habari ya uongo. Lakini kiongozi wa mashtaka si mjinga. Atasema kwamba hapa kwetu kila mtu anajua picha ya marehemu huwekwa juu, na uso uliokuwa juu ni wa Ngatia. Atawaleta wale akina mama na kuni zao. Na ile sehemu ya "mjane wa marehemu, Bi. Tenda" atasema unamtukana mke wake. Hakimu anaweza kwenda upande wowote. Sikudanganyi.

Tena ukurasa wako haufunguki. Watu wa Ngatia walipeleka malalamiko kwa kampuni ya mtandao, ikaufunga wote, hata zile posti za bei ya maziwa na mashimo ya barabara. Watu walikuwa wameshahifadhi tangazo, linazunguka kimya kimya kwenye vikundi. Jana nililiona limepigwa chapa kwenye fulana sokoni.

Kama rafiki: Ngatia ameleta ofa. Uandike msamaha, usomwe kanisani kwake Jumapili mbele ya wale akina mama, uukane ukurasa, na kesi itaondolewa. Nyawira, ni dakika chache za aibu. Ufunge macho, usome, urudi nyumbani. Nitakushika mkono.

Na kuhusu aliyesema ni wewe, polisi walifuata namba ya simu tu. Hakuna mchawi wa kutafuta. Tafadhali liache.

Wako,
Shivani


Kangari,
20 Februari 2025

Shivani,

Msamaha? Kanisani? Nisimame mbele ya akina mama wanaoteka maji mtoni na migongo imepinda, niwaambie poleni, mradi uko hai? Wee! Mwambie Ngatia msamaha wangu aungoje pale pale anapongojea maji ya Karimaini.

Na kama anadhani amenifunga mdomo, pole yake. Bondi yangu ya dhamana nimeisoma neno kwa neno. Imeandikwa mtandao. Haijasema misumari. Kwa hivyo Jumatatu nilichukua karatasi kubwa, nikaandika kwa mkono tangazo jipya, "Ibada ya Kumbukumbu ya Mradi wa Maji wa Karimaini", nikalipigilia pale kituo cha majani chai ambapo wakulima hungoja kupimiwa. Walilisoma mpaka mpimaji akawakemea. Lori la chai lilipoondoka, dereva alikuwa amelibandua, akaenda nalo kituo kinachofuata. Nasikia limefika mpaka kiwandani. Acha wafunge na lori pia.

Tata Murugi alinitazama akasema, "Wewe mtoto, hiyo hasira yako itakupeleka jela." Nikamwambia itanipeleka nikiwa nimesema.

Sasa tuje kwa lile ulilosema.

Mjane wa marehemu, Bi. Tenda. Nimelirudia hilo jina siku nzima nikipura maharagwe. Ni kweli niliandika hivyo, Shivani, kwa ajili ya zile tenda, zile zabuni za mradi. Niliandika mara ya kwanza, nikacheka peke yangu, halafu nikafuta kabla ya kuliweka kwenye ukurasa, kwa sababu mke wa Ngatia anafundisha watoto na hajanikosea kitu. Hakuna mtu kwa mtandao aliyewahi kuona Bi. Tenda. Hayupo kwenye tangazo, hayupo kwenye fulana. Alikuwa mahali pamoja tu duniani, kwenye ile nakala ya kwanza, na nakala ya kwanza ilikuwa kwenye kompyuta ya duka lenu.

Namba ya simu haimjui Bi. Tenda.

Ni nani hufungua hiyo kompyuta kila asubuhi kabla yangu? Ni nani alikuwa benki siku hiyo? Usiniandikie mambo ya sheria. Niandikie jina.

Nyawira


Nyeri,
26 Februari 2025

Nyawira,

Ni Bhavin.

Nimeandika hilo neno mara nyingi nikachana karatasi. Faili ya kwanza iko kwenye ushahidi waliotupatia, na yeye ndiye aliyewapa. Hakuna aliyemtafuta. Aliona tangazo, akaitambua fremu, akafungua kompyuta, akakuta nakala, akampigia Ngatia simu mwenyewe. Mabango ya uchaguzi wa mwaka wa elfu mbili ishirini na saba yanachapishwa kwetu, na Ngatia ana marafiki wengi watakaotaka mabango. Niliyajua haya kabla ya barua yako ya kwanza. Nilitaka ukubali msamaha ili asisimame kortini na wewe usijue kamwe. Nilikuwa nakulinda wewe na kumlinda yeye kwa blanketi moja, nalo halikutosha.

Nimemwambia Wakili Waithira kila kitu. Ndugu yangu akiwa shahidi upande wa pili, siwezi kukaa meza yenu. Nimejitoa kwenye kesi. Sitaingia hata kortini siku za mashahidi. Waithira atakutosha, amewala watu wakubwa kuliko Ngatia.

Ile karatasi yako ya kituo cha chai ilipigwa picha, ikaingia mtandaoni, na kiongozi wa mashtaka akaomba bondi ifutwe, uwekwe ndani. Waithira alisimama akasema ukuta wa kituo cha majani chai si mtandao, na aliyepiga picha si wewe. Hakimu alikubali, lakini alikunja uso. Usirudie tena, nakuomba. Sasa uko kwenye ukingo.

Sijui nikuombe nini zaidi. Kama hutaki kuniandikia tena, nitaelewa.

Shivani


VALLABHDAS NA WANA, WACHAPISHAJI
Nyeri,
1 Machi 2025

Kwa Nyawira,

Salamu. Naandika kwa ufupi, duka lina watu. Shivani ameniambia unajua.

Nataka uelewe upande wangu. Watu wa Ngatia walikuja wenyewe wakasema fremu ni ya Vallabhdas, kwa hivyo Vallabhdas ndio wametangaza kifo. Wangetusumbua na leseni. Babu yangu alianza hapa na mashine moja ya mkono. Baba amekaa kwenye kaunta hiyo maisha yake yote, na watu wa Nyeri wanatuamini. Ningefanya nini? Wewe ulitumia kompyuta ya duka kwa mambo yako bila kuniuliza. Mimi pia ningekuwa na haki ya kukasirika, lakini sijakasirika.

Kiti chako bado kipo, hakuna aliyekikalia. Mwambie wakili wako asiniulize mambo mengi kortini, nami nikiulizwa nitajibu kidogo tu. Baadaye tutakaa, tuongee kazi. Hakuna mtu anayepanga kijitabu cha mazishi kama wewe. Wateja wanalalamika.

Nakutakia mema.

Bhavin


Kangari,
29 Machi 2025

Shivani,

Nilikaa wiki nyingi bila kukuandikia kwa sababu kila nilipoanza, nilianza na matusi. Lakini haya ya Alhamisi siwezi kukaa nayo peke yangu, na wewe ulikosa! Keti chini. Weka chai.

Nianze na ndugu yako, tumalizane naye. Alisimama kizimbani wiki iliyopita amevaa ile shati yake ya harusi, akaongea akitazama saa ya ukutani. Akasema fremu ni ya duka, faili ni ya duka, mkono ni wangu. Sawa. Halafu Wakili Waithira akainuka polepole, unamjua alivyo, akamuuliza, "Bwana Bhavin, ulipoliona tangazo hili mara ya kwanza, ulidhani nani amekufa?"

Akasema, "Hakuna mtu."

"Hukukimbia kwa Mheshimiwa na kuni?"

"Hapana."

"Ulifanya nini basi?"

Akaitazama saa tena. Hakimu akamwambia ameapa, ajibu.

"Nilicheka," akasema.

Wakili akaketi hapo hapo. Alikuwa amepata mtu wa Nyeri mwenye akili zake, tena shahidi wa upande wa pili, aliyesoma tangazo lote na kuona ni mzaha. Aliniminya goti chini ya meza. Lakini mimi sikufurahi, Shivani. Angesema aliogopa, ningemwelewa. Hata angesema alikasirika. Lakini alicheka. Alikaa kwenye kiti changu, akasoma maneno yangu, akacheka, halafu akainua simu. Na barua aliniandikia ati walikuja wenyewe. Hilo sitalisahau.

Akaja Ngatia, amejipaka mafuta. Wakili akamuuliza tangazo ni la uongo? Uongo mtupu, akasema. Uongo upi, kwamba wewe umekufa? Akasema yeye yuko kwenye picha. Wakili akamwambia, "Tuache picha, Mheshimiwa, soma maneno. Nani amekufa hapo?" Akasoma, akakohoa. "Mradi." "Na umekufa?" Hapo ndipo kiburi kilimshika. Akapiga kizimba kofi. "Mradi uko hai! Hata sasa tukiongea, maji yanatoka!"

Hakimu alikuwa akiandika. Akaweka kalamu chini. "Vizuri," akasema. "Kama maji yanatoka, tangazo ni la uongo. Kama hayatoki, sitajua huyu binti ameshtakiwa kwa nini. Alhamisi ijayo korti itaenda Karimaini kuyaona."

Wiki nzima Ngatia alikuwa nayo. Wiki nzima mimi nilikuwa hapa nikisema, atafanya kitu, huyu mtu hatakaa hivi hivi.

Basi Alhamisi tukapanda Karimaini, hakimu, karani, mawakili, polisi, na kijiji kizima na mitungi. Mfereji ulikuwa umepakwa rangi mpya ya buluu, mpaka rangi ilikuwa bado inashika vidole. Ngatia akasogea mbele ya kila mtu, akaufungua kwa mkono wake mwenyewe.

Na maji yakatoka, Shivani. Kwa nguvu! Kiongozi wa mashtaka alinitazama akatabasamu, na mimi nikamtafuta Tata Murugi kwa macho kwa sababu nilijua sitarudi naye nyumbani. Watu wakapiga makofi. Ngatia akafungua mikono yake akasema, "Marehemu amefufuka!" Aliniibia mzaha wangu mbele yangu. Nilitamani kumrukia.

Halafu kuna mama mmoja mzee, Wacera, ambaye hakupiga makofi. Alitega mtungi wake, ukajaa nusu, akainama. Akanusa. Akachovya kidole, akaonja, akatema.

"Hii maji iko na maziwa," akasema.

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Mimi nimekamua ng'ombe maisha yangu yote. Hii ni maziwa, na imelala."

Hakimu akasogea. Akakinga maji kiganjani, na sisi wote tukaona. Yalikuwa meupe, Shivani! Yana povu, na vipande vidogo vya siagi vinaelea juu. Ngatia alikuwa amekodi lori la kubebea maziwa la chama cha wafugaji, likateka maji mtoni na kujaza lile tangi asubuhi kabla hatujafika, na hakuna aliyekumbuka kulisuuza. Alama za magurudumu zilikuwa pale pale kwenye matope nyuma ya tangi, mpaka kwenye ngazi. Wakili Waithira akamgeukia karani kwa sauti tamu kabisa: "Andika, maji meupe, yana povu, yananuka maziwa lala."

Na Mama Wacera akafunga mtungi wake, akamtazama Ngatia toka kichwani hadi viatuni, akamuuliza, "Mheshimiwa, kwani umekamua Mlima Kenya?"

Wee! Polisi walicheka. Karani alicheka. Kiongozi wa mashtaka aligeuka akatazama mashamba, lakini mabega yalikuwa yanatikisika. Na kama vile hiyo haikutosha, mfereji ukakohoa, ukatema povu, ukakauka. Ngatia alibaki ameushika mfereji, mkono umejaa rangi ya buluu, anaufungua na kuufunga, anaufungua na kuufunga. Nilimtazama mpaka nikashiba. Sikugeuza macho hata kidogo.

Simu zote za Karimaini zilikuwa juu. Mimi sikugusa hata moja, bondi ni bondi. Kabla hatujafika mjini, hata watu wa mbali kule Doldol walikuwa wanauliza lita ni pesa ngapi. Walifunga ukurasa wangu mmoja. Sasa wafunge mlima mzima.

Hukumu ni wiki ijayo. Na baada yake, Shivani, itabaki zamu ya ndugu yako.

Nyawira


Nyeri,
9 Aprili 2025

Nyawira,

Hukuniona, lakini nilikuwa nyuma ya korti siku ya hukumu, nimejifunika mtandio. Niliposikia "mshtakiwa yuko huru" nililia mpaka askari akaniletea maji, nikayanusa kwanza.

Nimeipata nakala ya hukumu, nimeisoma kama mtu anavyosoma kadi ya harusi. Hakimu anasema mzaha haugeuki uongo kwa sababu tu aliyechekwa ameumia. Anasema kufunga ukurasa wote kwa sababu ya tangazo moja ni kumfunga mtu mdomo kwa neno moja, na hilo haliruhusiwi, kampuni iandikiwe iufungue. Lakini pia amesema, na nataka ukumbuke, kwamba kama ungeandika kwa nia ya kumdanganya mtu kuhusu kifo cha mtu aliye hai, sheria ingekushika na ingekuwa na haki. Umeshinda kwa sababu kila mwenye macho aliona mzaha.

Sasa simu yako umerudishiwa. Ukurasa unafunguliwa. Na najua unachofikiria, kwa sababu nakujua tangu kidato cha kwanza. Kila mtu anajua kuna shahidi wa dukani, lakini hawajui alipiga simu mwenyewe, na hawajui barua aliyokuandikia. Ukiweka hayo kwenye ukurasa wako leo, watu wote hawa wanaokushangilia, kesho hakuna atakayeleta msiba wake kwa Vallabhdas. Nani atampa picha ya mama yake mtu anayeuza majina?

Najua anastahili. Mimi mwenyewe siongei naye. Lakini baba hatoki nje sasa, anakaa kaunta na kikombe kilichopoa. Si kwa Bhavin, Nyawira. Kwa baba, ambaye alikufundisha kupanga herufi. Usimweke mtandaoni. Mfanye lingine lolote, lakini si hilo.

Shivani


Kangari,
15 Aprili 2025

Shivani,

Barua yako nimeisoma, na maneno yangu kwa ukurasa yalikuwa tayari. Yamekaa kwenye simu tangu juzi, yanangoja kidole. Tata Murugi amekuwa akiificha chaja.

Sitamsamehe Bhavin. Usiniombe tena. Kuna mambo mtu anaweza kusamehe na kuna kucheka halafu kupiga simu. Lakini umemtaja Mzee, na ni kweli, yeye ndiye aliyenishika mkono siku ya kwanza akanionyesha kwamba jina la marehemu halikatwi mwisho wa mstari. Kwa hivyo nimefikiria kitu kingine. Sitaweka chochote mtandaoni. Nakuja kwenu kama mteja.

Nina tangazo la kuchapisha. Mpe Bhavin alipange. Yeye mwenyewe, kwa mkono wake, asimpe kijana yeyote. Nataka nakala moja tu, ile saizi kubwa, fremu ya njiwa na waridi, itundikwe kwenye kile kioo cha mbele ambapo hutundika mifano ya matangazo ili wateja waitazame wakingoja. Ikae hapo mpaka siku nitakapokuja kuitoa mwenyewe, na sijui ni lini. Akikataa, simu yangu ina chaji, nimepaona pale Tata anapoificha chaja. Maneno ni haya:

"Kwa huzuni kubwa tunatangaza kifo cha Imani ya Wateja, kilichotokea ghafla kwa njia ya simu. Marehemu alizaliwa katika duka hili, akalelewa na Mzee Vallabhdas, na alikuwa dada mpendwa wa Bhavin. Maisha yake yote alitunza majina ya wafu wa Nyeri na siri za waliobaki. Hakuna mikutano ya matayarisho. Hakuna mchango. Jeneza litabebwa na waliocheka kwanza."

Wewe ni wakili. Uliniambia kipimo ni mtu mwenye akili zake akilisoma lote. Basi lisome lote, uniambie kama ni mzaha.

Nyawira


Nyeri,
22 Aprili 2025

Nyawira,

Ni mzaha. Nilicheka, halafu nikaenda bafuni nikafunga mlango.

Bhavin alilipanga jana asubuhi. Hakubishana. Alipanga neno kwa neno, hakukata jina mwisho wa mstari. Alipofika juu akasimama, akaniita. Akasema, "Ameacha nafasi ya picha. Picha ya nani iwekwe?"

Baba alikuwa amesimama na kikombe chake. Sote watatu tuliitazama ile nafasi tupu kwenye skrini. Ningeweza kukuandikia nikuulize, na ningengoja jibu kutoka Kenol. Sikungoja. Nilifungua simu yangu nikatafuta ile picha ya Bhavin, ya siku baba alipompa funguo za duka, ile aliyosimama mlangoni anacheka. Nikamtumia. Alinitazama, akatazama baba. Baba akaweka kikombe chini. Basi akaiweka, akaigeuza iwe nyeusi na nyeupe kama inavyotakiwa, akachapa, akaitundika mwenyewe.

Mteja wa kwanza leo alikuwa mzee Mwai wa Othaya, amekuja kuchukua kijitabu cha kaka yake. Alisimama mbele ya kioo. Hakusoma. Alivua kofia, akazunguka kaunta, akashika mkono wa baba kwa mikono yake miwili, akampa pole kwa kijana wake, akauliza mazishi ni lini.

Bhavin alikuwa hapo hapo kando yake, ameshika kijitabu cha mteja. Baba alikitazama kioo, halafu akasema, "Asante, mzee. Bado hatujapanga siku."

Shivani